Maswali ya umeme, mkaa na sola ninayoulizwa kila siku hapa Kigoma

Mimi ni fundi wairingi, nipo Mwanga hapa Kigoma mjini, na nikishapanda juu ya dari ya mtu basi chini lazima awepo mzee au mama mwenye nyumba kashika ngazi anauliza. Kwanini uniti zinaisha haraka, mkaa watapiga marufuku kweli, hii sola niitupe? Nimeona niyaandike yote sehemu moja, alafu mtu akiniuliza tena namtumia tu hii. Sijayapanga kwa utaratibu wowote, nimeandika jinsi yalivyonijia.

Hizi habari za kaboni na tabianchi sisi watu wa mwisho wa reli zinatuhusu nini?

Kwa Kigoma kaboni ina majina mawili tu, dizeli na mkaa.

Miaka mingi umeme wetu ulitoka kwenye majenereta yanayokunywa dizeli iliyosafirishwa kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,200. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta kubwa inakupa uniti tatu na nusu hivi, na ikiungua inatoa hewa ya ukaa kama kilo 2.7. Sasa chukua kalamu. Lita tuseme ni 2,800, basi uniti moja imekula dizeli ya shilingi 800, na hapo hujalipa oili, spea wala wale vijana wanaokesha na mashine. Wewe ukauziwa kwa 356 kama mtu wa Kariakoo, maana bei ya umeme ni moja nchi nzima. Yani kila ukiwasha taa shirika la umeme, TANESCO, linapoteza zaidi ya nusu ya gharama. Sasa niambie nani atakimbilia kukuungia mteja mpya ambaye kila akitumia anamtia hasara? Mimi naona hiyo ndio sababu kubwa ya umeme wetu kusuasua miaka yote ile, ingawa watu walikuwa wanasema ni siasa.

Kwenye ahadi zake za kimataifa za 2021 Tanzania ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na ambavyo zingekuwa bila kufanya kitu. Huku kwetu utekelezaji wake ni kuzima dizeli, na ukizima dizeli umepunguza na hasara hapo hapo. Vitu viwili gunia moja.

Gridi ya taifa ilifika lini?

Oktoba 2022 Rais Samia alikuja akazindua umeme wa gridi mkoani kwetu na majenereta yakaanza kuzimwa. Aliyekaa jirani na zile mashine anajua, ukimya wa usiku wa kwanza ulikuwa wa ajabu, mtu unaamka unadhani umeme umekatika kumbe upo.

Bwawa la Nyerere linatoa megawati 2,115, sasa mbona bado unakatika?

Hili naulizwa na kila mtu na wengi wanauliza kwa hasira, wana haki.

Bwawa lipo Rufiji, lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, ya kwanza iliingia gridi Februari 2024 na zote tisa zikakamilika 2025. Uwezo wa mitambo yote nchini umepita megawati 4,000 na matumizi yetu ya juu kabisa ni kama nusu yake. Kwa hiyo umeme wa kutosha upo, shida ni njia. Kuna tofauti kati ya mgao na kukatika: mgao ni pale umeme hautoshi mnagawana, kama ilivyokuwa 2023 mwishoni, lakini kukatika kwa sasa mara nyingi ni nguzo imeanguka, mti umelalia waya, transfoma imezidiwa, au laini ndefu imechoka.

Fikiria mpira wa maji. Bomba limefunguliwa Rufiji, wewe umeshika ncha ya mwisho Ujiji, mpira wenyewe mwembamba na njiani kila mtu kaweka koki yake. Utapata matone. Laini ya kilovolti 33 ni mpira mwembamba kwa umbali wa huku, ndio maana jioni taa zinakuwa za njano na friji inanguruma bila kupoza. Dawa yake ni laini ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi huko Biharamulo kuja Kidahwe huku Kigoma, kilomita 280, mradi wenye mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Korea. Kwanini 400? Kwa sababu ukipandisha volti mara 12, mkondo kwenye waya unapungua mara 12 kwa umeme ule ule, na joto linalopotea njiani linashuka kwa mraba wake, yani zaidi ya mara 140. Mafundi wenzangu hili tulilisoma darasani tukalisahau. Alafu ipo na njia ya Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka mpaka Kidahwe ya kilovolti 132. Mkoa ukilishwa kutoka pande mbili, moja ikilala nyingine inabeba.

Kwahiyo ukiona fundi wa laini anakata matawi ya mwembe wako usimtukane, ule mwembe ndio uliokuzimia mechi.

Na Malagarasi je, si tuna mto wetu?

Tunao, na stori yake ni ndefu kuliko watu wanavyojua. Maporomoko ya Igamba yalishapigiwa hesabu kwenye msaada wa serikali ya Marekani kupitia shirika lake la MCC, mkataba wa 2008, lakini utafiti wa mazingira ukakuta pale kuna viumbe wa majini walio hatarini kutoweka, mradi ukawekwa kando na hela za Kigoma zikaenda kwenye sola za shule, zahanati na vituo vya afya vijijini. Ukipita kijiji ukaona paneli za zamani juu ya zahanati, huenda ndio zenyewe.

Baadae mpango ukarudi kivingine, megawati 49.5, tena kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, maji yanapita kwenye mitambo yanarudi mtoni bila bwawa kubwa la kufurika kama la Rufiji. Watu wanaona 49.5 ni ndogo. Ndogo kwa nani? Kwa mkoa wetu ni nyingi sana, na kizuri zaidi zitazalishwa hapa hapa, laini ndefu ikianguka huko Biharamulo sisi bado tutakuwa na cha kwetu. Wasiwasi wangu ni mmoja, bonde la Malagarasi na Muyovozi ni ardhi oevu ya kwanza Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya dunia ya ardhi oevu muhimu, mwaka 2000, na watu wanalima na kuchunga mpaka kwenye kingo. Ukikausha hilo bonde hizo megawati utazisoma kwenye kibao cha uzinduzi.

Jirani yangu akinunua umeme wa 10,000 anapata uniti nyingi mimi napata 28, kwanini?

Kwa sababu yeye yupo kwenye tarifu ndogo, mtaani wanaiita tarifu 4, kwenye karatasi ni D1. Hiyo ni ya nyumba inayotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, na bei ni shilingi 100. Ukiweka VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji) asilimia 1 inakuwa 122. Wewe upo T1, tarifu ya kawaida, bei 292, na makato yale yale inafika 356. Kwa hiyo uniti 75 za jirani ni shilingi 9,150, zako ni 26,700. Akizidisha 75, zile za juu anauziwa 350 kabla ya makato, na akizoea kuzidisha anahamishwa aje huku kwako.

Hapo sijataja kodi ya jengo, ile 1,500 inayokatwa mara moja kwa mwezi ukinunua. Ukinunua mara ya kwanza mwezi umeanza ukaona uniti pungufu usimpigie fundi, ndio hiyo.

Nifanyeje nishuke kwenye 75?

Anza na taa maana ni rahisi. Nyumba nyingi za Ujiji nakuta bado balbu za kizamani za wati 60. Tano zikiwaka masaa matano kila usiku ni uniti 45 kwa mwezi, taa peke yake! Weka LED za wati 9, zinakuwa uniti 7 hivi. Umebadilisha balbu tano tu, umeokoa uniti 38.

Pasi nayo usipige nguo moja moja kila asubuhi, kusanya za wiki. Birika la umeme chemsha vikombe unavyokunywa, sio kulijaza mpaka juu kila mara. Hita ya kuoga ya kwenye bomba ndio muuaji, wati 3,500 na kuendelea, mtu anaoga dakika kumi na tano inakula karibu uniti nzima, na hali ya hewa ya Kigoma hii sielewi hata hita ya nini, labda Juni kidogo.

Friji za mtumba kutoka Ulaya watu wanapenda kwa sababu ni kubwa na bei nzuri. Mpira wa mlango umechoka, kompresa haizimi, inakula uniti mbili au tatu kwa siku. Jaribu hivi, weka noti kwenye mlango ufunge, ukiivuta ikatoka kirahisi basi ubaridi wako nao unatoka hapo hapo. Badilisha mpira kabla hujafikiria kununua friji nyingine.

Kupika kwa umeme si ni kwa matajiri?

Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo mpaka nilipopima mwenyewe. Jumapili moja nilinunua kilo ya maharage ya Kasulu, yale ya njano, nikazima sakiti breka zote nikaacha ya jikoni tu, nikasoma LUKU: 31.62. Nikaweka maharage kwenye lile jiko la presha la umeme, maji, kitunguu, nikafunga. Mke wangu kakaa pembeni na jiko lake la mkaa tayari kawasha, kajiandaa kunicheka. Lilipopiga kengele yameiva yanapondeka kwa vidole, nikasoma tena: 31.17. Uniti sifuri nukta arobaini na tano, kwa bei yangu ya T1 ni shilingi 160. Mkaa aliokuwa ameshawasha ni wa buku, na ukiuwasha kwa ajili ya maharage lazima uongeze katikati. Hakusema kitu, alichukua kikaango akaunga.

Lakini usije ukachanganya na yale majiko ya koili, ukichemsha maharage kwenye koili masaa mawili umechoma uniti mbili na zaidi, hapo ndio watu wanapiga kelele kwamba umeme ghali. Presha inafanya kazi kwa sababu imefunikwa, imezibwa joto lisitoke na inajizima yenyewe ikishapata moto wake, dakika nyingi ukiiona iko mezani haivuti hata kidogo.

Kwa ugali sitakudanganya, ugali wa familia ya watu saba na mwiko wake unataka sufuria pana na moto wa chini, kwenye presha unahangaika tu. Nyumbani kwangu maharage, nyama, makande na mchele ni umeme, ugali na kukaanga migebuka ni gesi.

Na kama upo kwenye tarifu ndogo piga hesabu kwanza. Kupika vitu vingi kwa umeme ni kama uniti moja na nusu kwa siku, 45 kwa mwezi, ongeza taa za LED 7 na tivii 7 au 8, bado upo ndani ya 75. Ukiingiza na friji umetoka.

Si tuna gesi Mtwara na Songosongo, mbona mtungi ghali?

Kwa sababu sio gesi ile. Ya Songosongo na Mtwara ni gesi asilia, inasafiri kwa bomba, Songosongo tangu 2004 na bomba la Mtwara tangu 2015, na nyingi inaishia Dar kuzalisha umeme. Gesi ya kwenye mtungi ni LPG, inapatikana kwenye kuchimba na kusafisha mafuta na gesi, na inaletwa kwa meli kutoka nje, ndio maana bei yake inafuata bei ya mafuta duniani na dola, alafu ongeza lori mpaka huku. REA ilileta mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei vijijini na watu walichangamkia. Shida ni ujazo wa pili. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta mtungi umegeuzwa stuli.

Mkaa utapigwa marufuku?

Kwa nyumba za watu hakuna marufuku. Marufuku iliwekwa kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, shule, magereza, vyuo, na tarehe za mwisho zikawa 2024 na 2025. Kwa kaya kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mwezi ule ule Rais Samia alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris wa nishati ya kupikia, zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa Afrika. Ahadi hizo.

Kinachoniuma mimi kwenye mkaa ni upotevu wake. Tanuru la udongo la porini linakula kilo nane mpaka kumi za kuni kavu kupata kilo moja ya mkaa. Nenda barabara ya Uvinza uone viroba vilivyopangwa, kila kiroba kizidishe mara nane au kumi, huo ndio msitu uliokuwepo. Uvinza yenyewe walichemsha maji ya chumvi kwa kuni miaka na miaka. Na mawese yetu kila pipa linachemshwa kwa moto, ila wenye akili wanachochea kwa makapi ya michikichi yenyewe na maganda ya mbegu zake, hiyo ni nishati ya bure unaikanyaga.

Kama huwezi kuacha mkaa leo, nunua jiko banifu lile la udongo ndani. Kiroba chako kitakaa mda mrefu zaidi, utaona mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi.

Kuunganishiwa umeme ni shilingi ngapi?

Kijijini 27,000. Mjini ndani ya mita 30 bila nguzo ni 320,960, nguzo moja 515,618. Hizo ni bei za kuanzia Januari 2022. Mgogoro mkubwa ni mtaa wako unahesabika kijiji au mji, maana kuna mitaa ina mihogo mpaka mlangoni na inalipa bei ya mji. Unaomba kwa Nikonekt, mfumo wa TANESCO wa mtandaoni, ukiwa na namba ya NIDA, na wairingi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Nyumba ndogo ambayo haina wairingi kuna kile kibodi cha UMETA, kinafungwa ukutani kina soketi na taa, kwa chumba kimoja na sebule kinatosha.

Sola yangu niitupe gridi ikifika?

Uitupe kwa lipi! Gridi ikikatika unakaa gizani na paneli ipo juu ya bati? Paneli nzuri ya wati 100 kwa jua la Kigoma inakupa karibu nusu uniti kwa siku, inatosha taa zote, simu na tivii ndogo. Acha taa kwenye sola, gridi ibebe jiko na friji, na ndio njia nyingine ya kubaki chini ya 75.

Tatizo la sola ni betri, na hapa nimeumia mwenyewe. Niliwahi kununua betri duka fulani mjini, kibandiko kimeandikwa saizi 100, nyepesi kama debe tupu, baada ya miezi minne haivushi saa mbili usiku. Nilipoipasua ndani kulikuwa na betri mbili ndogo zimefungwa na vipande vya mbao. Siku hizi betri ya asidi naipima kilo kabla ya kulipa, muuzaji anune anavyotaka.

Mvua zisiponyesha si tunarudi gizani?

Swali zuri na huyu aliuliza alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nchi inayotegemea maji kwa sehemu kubwa hivi ina hatari hiyo, mgao wa 2023 ulichangiwa na mabwawa kushuka. Ndio maana mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo haivunjwi, hata kama gesi nayo ina kaboni, kama nusu ya makaa ya mawe. Na ndio maana ya mradi wa sola wa Kishapu Shinyanga, megawati 150 kwa jumla, 50 za awamu ya kwanza. Jua na maji vinasaidiana vizuri, kiangazi mto ukipungua ndio jua linawaka. Mchana unatumia jua unayaacha maji bwawani, usiku unayafungulia.

Taa za dagaa zinaingiaje kwenye haya?

Zinaingia sana. Zamani usiku wa giza ukikaa pale Kibirizi unaona karabai zimepangana ziwani kama mji mwingine kule upande wa Kongo, kila mtumbwi na mafuta yake ya taa, na kabla dagaa hajaonekana mwenye chombo ameshatoa hela ya mafuta. Sasa wengi wamehamia taa za LED na betri. Mwanga ule ule, samaki hajui tofauti, upepo hauzimi na vioo havipasuki.

Ila naona wengi wanachaji hizo betri kwa kajenereta ka petroli kule mwaloni wakati nguzo iko hatua mia. Betri ya saizi 100 (N100) ikiwa imeisha kabisa inataka uniti moja na nusu hivi, 534 kwa T1, na petroli ya kuijaza haishuki lita moja. Wiki iliyopita kuna mzee mmoja nimemfungia soketi nne na breka yake nje ya banda, vijana wanaleta betri alfajiri wakishamaliza kushusha dagaa, jioni wanazichukua zimejaa, anawatoza buku buku. Ameshaniita nikaongeze nyingine nne.